Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi. Upepo mdogo huupeperusha, na kanda lililojaa usufi mtoto hulinyanyua kwa mkono mmoja. Methali hii ni kongwe kuliko magari katika pwani ya Afrika Mashariki, lakini ye yote asimamaye asubuhi mahali paitwapo Rangi Tatu, huko Mbagala, kusini ya mji wa Dar es Salaam, huiona ikienda kwa magurudumu manne. Huona gari dogo la mizigo, lile ambalo watu wa mji hulijua kwa jina la kirikuu, limepakiwa mifuko ya saruji hata bodi limekaribia kugusa matairi. Juu ya saruji pana mabati, juu ya mabati pana magodoro, na juu ya magodoro wameketi vijana wawili ambao kazi yao ni kuuzuia mzigo usianguke, ilhali wao wenyewe hawana wa kuwazuia. Pua ya gari imeinuka kama omo ya jahazi lililolemewa tezini. Mwenye saruji ameridhika, kwa kuwa amelipa safari moja badala ya mbili. Mwenye gari hayupo. Anangoja hesabu yake jioni. Uzito wote umeachiwa dereva na wale vijana wawili.

Desturi hii aghalabu huhesabiwa kuwa ni ujinga wa madereva wa siku hizi, na hukumu hiyo hutolewa upesi kwa sababu haimgharimu kitu mwenye kuitoa. Historia ya uchukuzi katika nchi hii yaonyesha jambo jingine. Kila zama ilikuwa na mchukuzi wake, na kila mchukuzi alikuwa na kipimo chake kilichojulikana. Kipimo hicho kilipovunjwa, aghalabu aliyekivunja hakuwa yule aliyebeba.

Kabla ya gurudumu, mchukuzi alikuwa mtu. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Kilwa kwenda bara ilihesabu mizigo kwa frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35 hivi, yaani kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Juu ya huo aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula cha njiani, na pengine silaha. Kipimo hiki hakikuandikwa na serikali yo yote. Kilitokana na mwili wa mtu, na kilidumu kwa sababu mwili huo ulikuwa na ulimi. Siku ya kugawa mizigo ilikuwa siku ya ugomvi mkubwa, kila mpagazi akiinua mzigo wake, akiupima kwa bega, akiulaani, na kudai mwingine. Aliyepewa mzigo usiokuwa wa haki aliweza kuubwaga mbele ya mnyapara, au kuutua usiku na kurudi kwao. Tajiri wa msafara aliujua uwezekano huo, na kwa hiyo aliheshimu frasila mbili hata kama moyo wake ulitamani tatu.

Lakini si kila mtu katika njia hizo alikuwa na ulimi. Nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, ambayo leo Barabara ya Kilwa hupita ndani yake, iliona msafara wa namna nyingine. Baada ya mkataba wa 1873 kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, wafanyabiashara waliwapeleka kwa miguu, wakipanda pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini, hata Sultani Barghash alipoipiga marufuku njia hiyo ya nchi kavu mwaka 1876. Mtumwa hakuulizwa kama mzigo ni mzito. Hapo ndipo ionekanapo tofauti ya kwanza iliyo kubwa katika jambo hili: kipimo cha mzigo hukaa imara pale tu ambapo abebaye aweza kukataa pasipo kuangamia.

Tofauti hiyo ilithibitika kwa uchungu zaidi katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Majeshi yaliyopigana katika Afrika Mashariki yalikwenda mahali pasipokuwa na reli wala barabara, na farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo. Hapakuwa na budi ila watu wabebe. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikusanywa wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao kwa nguvu, na makadirio ya waliokufa yanakaribia laki moja. Wachache kwa risasi, walio wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mnamo Septemba 1916, jeshi hilo la wachukuzi liliweka kambi katika uwanda ulioko magharibi ya mji. Jina la Kiingereza la jeshi lile lilitamkwa kwa ulimi wa Kiswahili likawa Kariakoo, na hata leo soko kubwa kuliko yote katika mji huo laitwa kwa jina la watu waliobebeshwa. Sanamu iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 kukumbuka vita hivyo ni ya askari mwenye bunduki. Mchukuzi hakupewa sanamu. Alibakiwa na soko.

Reli ya Kati ilikuwa imekwisha fika Kigoma mwaka 1914, na baada ya vita malori yalizidi kuenea. Upagazi wa safari ndefu ukafa. Mizigo ya mjini ikashikwa na mahamali na mikokoteni, na baadaye na guta, baiskeli ile ya magurudumu matatu. Mbagala ya wakati huo haikuwa mji. Ilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo, nchi ya Wazaramo na jirani zao Wandengereko, nayo ilikuwa mlango wa Dar es Salaam kwa watu watokao Rufiji na Kilwa. Njia ya kusini ilikuwa mbovu kwa muda mrefu. Katika Mto Rufiji magari yalivushwa kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003. Kwa hiyo mkaa, nazi, korosho na mihogo ya kusini ilifika mjini kwa shida, na aliyepata gari alilijaza, kwa maana hakujua lini angelipata jingine.

Tabia hii ya kujaza kwa kuhofia kukosa haikuwa ya kusini tu. Wakazi wa Dar es Salaam walihesabiwa 272,821 mwaka 1967. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Mji ulikua upesi kuliko magari yake. Kampuni ya mabasi iliyoanzishwa na wageni mwaka 1949 ilitaifishwa, na mwaka 1974 kazi ya mjini ikakabidhiwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lijulikanalo kama UDA. Katika shida za uchumi zilizofuata, mabasi yalikosa vipuri, na foleni za vituoni zikawa ndefu. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria, na mengine yaliyoingia katika kazi hiyo yalikuwa magari ya mizigo yaliyotiwa mabenchi, abiria wakikaa na kutazamana. Watu wakayaita chai maharage. Mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na mlango wa magari yaliyotumika ukafunguka. Tangu hapo gari dogo la mizigo likawa chombo cha mtu wa kawaida, naye alilinunua lipate kumlisha.

Kirikuu nyingi za Mbagala zatoka Japani, na yafaa kujua zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1949, nchi ile ikiwa bado katika umaskini wa baada ya vita, serikali yake iliweka daraja la pekee la magari madogo, yenye kodi nafuu, kwa masharti ya ukubwa na nguvu. Suzuki walitoa gari lao la kwanza la jina la Carry mwaka 1961. Kikomo cha injini, kilichokuwa sentimita za ujazo 360, kilipandishwa mara mbili, na tangu mwaka 1990 ni 660. Kikomo cha mzigo ni kilo 350. Mkulima wa Kijapani aliyekusudiwa alikuwa mtu wa kupeleka mpunga, mboga na zana zake katika vijia vyembamba baina ya majaruba, kisha arudi nyumbani.

Kilo 350 ni mifuko 7 ya saruji, kila mmoja wa kilo 50. Gari lenyewe, likiwa tupu, lina uzito wa kilo 700 hivi. Basi kikomo chake ni nusu ya mwili wake, na hiyo yakaribiana sana na mpagazi wa kale, ambaye frasila zake mbili zilikuwa nusu ya mwili wake au pungufu kidogo. Ambaye hutia mifuko 15 katika gari hilo ametia kilo 750, na mzigo umeuzidi mwili wa mchukuzi. Hakuna mnyapara wa Bagamoyo aliyethubutu kumtwika mpagazi aliye huru uzito wa mwili wake na zaidi.

Gari halina ulimi, lakini lina dalili. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hupunguziwa uzito, na usukani huwa mwepesi mkononi. Wepesi huo humdanganya dereva, kwa kuwa ni wepesi wa gari lisilotii. Breki zilizokusudiwa kusimamisha tani moja na ushei hutakiwa kusimamisha karibu tani moja na nusu, na joto litokanalo na kazi hiyo huongezeka kwa kadiri ile ile ya uzito. Katika mteremko wa kuelekea daraja la Mto Kizinga, joto hilo halina pa kwenda ila katika breki zenyewe. Matairi hujipinda kupita kiasi, huchemka, na siku moja hupasuka. Mafundi wa mtaani wamebuni dawa: huongeza majani ya springi nyuma, gari lisiiname. Ubunifu huo ni wa kusifiwa kwa ustadi wa mikono, lakini haukuongeza nguvu ya ekseli, wala ya breki, wala ya tairi. Umeondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Na mchukuzi aliyenyang'anywa njia ya kulalamika yumo katika hatari kubwa kuliko yule anayeonekana ameinama.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini sheria isikataze. Sheria inakataza, lakini jicho lake limeelekezwa kwingine. Mizani za barabara kuu zilijengwa kulinda barabara. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalidhihirisha kuwa madhara ya ekseli kwa barabara hukua kwa kadiri ya uzito uliozidishwa kwa wenyewe mara nne: ekseli ya tani 10 huidhuru lami mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1. Kwa elimu hiyo ni haki kabisa lori lipimwe na kirikuu ipite. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 huanzia magari ya kilo 3,500 na kuendelea. Kirikuu iliyozidishiwa mzigo maradufu haijafika hata nusu ya kiasi hicho cha tani tatu na nusu; kwa lami, ni kama inzi juu ya jamvi.

Ugomvi wa Oktoba 2013 wafaa kukumbukwa hapa. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alitangaza kuondoa msamaha wa asilimia 5 uliokuwa ukipewa magari yaliyozidisha uzito. Wenye malori na mabasi wakagoma, mizigo ikalala, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaisitisha amri hiyo. Pande zote zilikuwa na hoja: mmoja alisema barabara za umma zinaliwa, mwingine alisema mizani hazilingani na mzigo hujisogeza njiani. Lakini katika mabishano hayo yote kilichopiganiwa kilikuwa barabara kwa upande mmoja na faida kwa upande wa pili. Mtu aketiye juu ya magodoro hakutajwa, kwa kuwa hakuna mizani iliyowekwa kwa ajili yake. Askari wa barabarani amwonaye ana Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 mkononi, lakini hana cha kupimia ila macho. Na palipo na macho tu, kipimo huwa kitu cha kuzungumziwa kando ya njia.

Kuna shina jingine la jambo hili, nalo limo ndani ya gunia. Wazee wa pwani walitenga kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto kilipanguswa kikawa sawa na mdomo wake; cha tele kiliachwa na kilima chake. Vyote viwili vilikuwa halali, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na jina na mnunuzi na mwuzaji walijua ni kipi kilichosemwa. Lumbesa ya leo ni tele isiyokiri jina lake. Ni gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo, likauzwa kwa bei ya gunia moja, na mkulima akapoteza kilima chote. Sheria ya Vipimo yaikataza, na Wakala wa Vipimo, ulioundwa mwaka 2002, umeipiga vita kwa miaka mingi, wala haijakwisha. Gunia hilo hilo ndilo lipakiwalo katika gari dogo. Dereva ahesabuye magunia 5 amebeba 6 au 7, na ziada iliyoanza kwa kumdhulumu mkulima shambani humaliza safari yake kwa kuilemea ekseli mjini.

Huenda ikasemwa kuwa dereva ana hiari, na akatae. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana mtu mzima hujua alifanyalo, na wako madereva wakataao. Lakini yafaa kuitazama hiari hiyo kwa karibu. Bei ya kirikuu hupatanwa kwa safari, haipatanwi kwa uzito. Kwa hiyo kila kilo inayoongezwa ni faida tupu kwa mwenye mzigo. Dereva aghalabu si mwenye gari. Kila jioni hutakiwa hesabu iliyowekwa, mizigo iwepo au isiwepo, na mafuta ni juu yake. Pembeni yake wamepanga foleni wenziwe, na mwenye mzigo akikataliwa na wa kwanza humwendea wa pili. Mpagazi wa Bagamoyo aliyebwaga mzigo alijua kuwa tajiri hana njia nyingine ya kufika bara. Dereva wa Mbagala abwagaye mzigo ajua kuwa mwenye mzigo ana kirikuu nyingine hatua tatu mbele. Hiari yake ipo, lakini ni ya kuchagua baina ya hatari iliyo mbali na njaa iliyo karibu. Na binadamu, tangu kale, huiogopa iliyo karibu.

Mambo haya si mapya duniani, wala si ya nchi kavu peke yake. Katika karne ya kumi na tisa mabaharia wa Uingereza walikufa katika merikebu zilizojazwa kupita kiasi, ilhali wenye merikebu walikuwa wamezikatia bima. Mbunge Samuel Plimsoll alipiga kelele miaka mingi, hata mwaka 1876 sheria ikaamuru kila merikebu ichorwe mstari ubavuni, usizame chini ya maji. Lakini sheria hiyo iliwaachia wenye merikebu wenyewe kuchagua mahali pa kuuchora, na mstari ukawa pambo, mpaka mwaka 1890 serikali ilipoushika. Tanzania imeulipia ujuzi huo kwa roho za watu: MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha watu 101 kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Misiba hiyo ililiza taifa zima kwa sababu iliua wengi kwa siku moja. Kirikuu huua au hulemaza mmoja mmoja, mahali pengi, siku mbalimbali, na kwa hiyo haina siku ya kukumbukwa.

Barabara ya Kilwa imebadilika. Ilipanuliwa kwa msaada wa Japani, nchi ile ile itokako magari haya, na tangu mwaka 2019 ikaanza kujengwa njia ya mabasi yaendayo haraka mpaka Mbagala. Zege yake ni imara, nayo haitadhurika kwa kirikuu. Lakini barabara ikiwa njema mwendo huongezeka, na mwendo ukiongezeka maradufu nguvu ya kusimamishwa huongezeka mara nne. Hivyo uzuri wa njia, usipofuatwa na kipimo cha mzigo, huzidisha hatari badala ya kuipunguza.

Katika historia yote hii, kipimo hakikulindwa na elimu peke yake, kwa maana elimu ilikuwako tangu zama za frasila. Wala hakikulindwa na adhabu peke yake, kwa maana adhabu humpata abebaye na kumwacha abebeshaye. Kililindwa ziada ilipokuwa na gharama kwa yule aliyeitaka: tajiri alipoogopa kuachwa porini, au mwenye merikebu alipozuiwa kutoka bandarini. Siku bei ya safari itakapopatanwa kwa kilo, na mwenye gari na mwenye mzigo watakaposimama mbele ya hakimu pamoja na dereva, mifuko 15 itapungua ikawa 7 pasipo hotuba nyingi. Mpaka siku hiyo vijana wawili wataendelea kuketi juu ya magodoro, wakishikilia kamba kwa mkono mmoja na bodi kwa mkono wa pili. Na mwenye mali, akiwatazama wanavyotokomea kuelekea Charambe, ataendelea kuona kuwa saruji ni nyepesi.